Namna ya kuandika wasifu wa mtafiti wa dawa: mfano wa Gertrude Elion

Wasifu wa wanasayansi kwa Kiswahili mara nyingi hupita njia ileile: alizaliwa, akasoma, akapata tuzo, akafariki. Kwa mtafiti wa dawa njia hiyo inaruka kazi yenyewe. Gertrude Elion, mtaalamu wa biokemia na famakolojia wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba mwaka 1988, ni mfano mzuri wa kufanyia mazoezi. Maisha yake hayana vita wala kashfa, hakumaliza shahada ya uzamivu, na karibu kila alichogundua alikigundua akiwa mwajiriwa wa kampuni moja, kuanzia 1944 hadi alipostaafu 1983. Ukimwandika kwa tarehe zake tu, unapata ukurasa mkavu. Ukimwandika kwa dawa, unapata kisa kinachomhusu msomaji ambaye mwenyewe amemeza Septrin, amepewa SP, vidonge vya kuzuia malaria, kliniki ya wajawazito, au amemuuguza mtu mwenye mkanda wa jeshi.

Maelekezo haya yanalenga makala ya maneno 1,200 hadi 1,800, ya gazeti, ya darasani au ya kamusi elezo.

Kadi moja kwa kila dawa

Kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, chukua karatasi moja kwa kila dawa inayotajwa katika maisha ya mtafiti. Juu yake weka jina la kikemia na jina la biashara. Chini yake jaza: nani aliitengeneza, lini ilionekana inafanya kazi maabara, lini ilijaribiwa kwa wagonjwa, lini iliidhinishwa na katika nchi gani, na inatibu nini. Palipo na pengo acha pengo. Makosa mengi katika wasifu wa aina hii hutokea kwa sababu mwandishi ameona mwaka mmoja mahali fulani, akaubandika kwenye tukio lisilo lake.

Tujaze kadi ya 6-merkaptopurini, dawa iliyompa Elion jina. Kufikia 1951, Elion na wenzake walikuwa wamekwisha tengeneza na kupima zaidi ya purini 100 (kemikali za jamii ya viungo vinavyojenga DNA), na hii ilikuwa miongoni mwa zilizofanya kazi. Wagonjwa wa saratani ya damu walianza kuipata katika majaribio ya Sloan-Kettering, taasisi ya utafiti wa saratani ya New York, na mwaka 1953 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ikaiidhinisha. Kwa hiyo sentensi "aligundua dawa ya saratani ya damu mwaka 1953" ina makosa mawili. Mwaka huo ni wa idhini, si wa ugunduzi. Tena dawa hiyo peke yake haikuponya: watoto walipata nafuu, wakaishi miezi zaidi, kisha ugonjwa ukawarudia. Uponyaji wa watoto wengi ulikuja baadaye, dawa kadhaa zilipotumiwa kwa pamoja, na 6-merkaptopurini ikabaki ndani ya mchanganyiko huo hadi leo. Liandike hivyo hivyo. Halimpunguzii chochote.

Kadi ya asaiklovia, dawa ya malengelenge na mkanda wa jeshi, ina mtego wa aina nyingine. Molekuli yenyewe ilitengenezwa na Howard Schaeffer. Nguvu yake dhidi ya virusi vya malengelenge ilionekana katikati ya miaka ya 1970, vipimo vya virusi vikifanywa na John Bauer katika maabara za Wellcome nchini Uingereza. Timu ya Elion ndiyo iliyofuatilia dawa hii inafanya nini ndani ya seli na kwa nini haimdhuru mgonjwa. Uingereza iliidhinisha 1981, Marekani 1982. Anayeandika kwamba Elion "alitengeneza asaiklovia" amemnyang'anya Schaeffer. Asiyemtaja Elion kabisa ameacha nusu ya sayansi.

Kwa Elion unahitaji angalau kadi saba: 6-merkaptopurini, thioguanini, azathioprini, allopurinoli, pirimethamini, trimethoprimu na asaiklovia. Ya nane, AZT, dawa ya VVU, iandae kwa ajili ya kujikinga tu. Nitaeleza sababu.

Utoto: chagua, usikusanye

Alizaliwa New York tarehe 23 Januari 1918. Baba yake alikuwa daktari wa meno aliyehamia Marekani kutoka Lithuania, na anguko la soko la hisa la 1929 likamfilisi. Hili lina kazi katika makala yako, maana ndilo linaloeleza kwa nini binti alisoma Hunter College: chuo cha jiji kilichokuwa hakitozi ada. Aliingia mwaka 1933 akiwa na miaka 15, akamaliza kemia 1937. Mahali walipohamia, majina ya shule za msingi na vitabu alivyopenda, viache. Maneno 150 yanatosha kwa kipindi chote hadi 1937.

Hapa ndipo pana mtego ambao karibu kila mwandishi huuingia. Vifo vitatu vilimgusa Elion, na waandishi huvifunga fundo moja kuwa "sababu ya kuingia katika utafiti". Vipange kwa mwaka uone. Babu yake alifariki kwa saratani ya tumbo 1933, kabla tu ya chuo. Hicho kweli kinaweza kutajwa kuwa sababu, na yeye mwenyewe alikitaja. Mchumba wake alifariki 1941 kwa maambukizi ya bakteria katika moyo, miaka michache tu kabla penisilini haijapatikana kwa wingi, lakini kufikia hapo Elion alikuwa tayari ni mkemia mwenye uzamili. Mama yake alifariki kwa saratani ya shingo ya kizazi 1956, wakati 6-merkaptopurini ilikuwa sokoni miaka mitatu. Vifo viwili vya mwisho vinaweza kuwa vilimpa uchungu na bidii. Haviwezi kuwa vilimfanya achague kemia, kwa sababu tokeo halitangulii sababu.

Kati ya 1937 na 1944 usipite haraka. Miaka hiyo saba ndiyo inayoonyesha zama zake kuliko hotuba yoyote kuhusu wanawake na sayansi. Hakupata ufadhili wa kuendelea na masomo, na katika usaili mmoja aliambiwa kwamba angewavuruga wanaume maabara. Akasomea ukarani kwa wiki sita, akaacha alipopata kufundisha biokemia kwa wanafunzi wa uuguzi kwa miezi mitatu. Akafanya kazi ya bure katika maabara ya mkemia mmoja, mpaka ikafika dola 20 kwa wiki. Akajiunga na Chuo Kikuu cha New York, mwanamke peke yake katika darasa lake la kemia, huku akifundisha sekondari mchana. Uzamili akaupata 1941. Vita vilipowatoa wanaume maabara, ajira zikafunguka: akapima ukali wa siki katika achari na rangi ya mayonezi kwa kampuni ya vyakula. Weka maelezo haya ya achari. Msomaji akisahau mengine yote, hili atalikumbuka, na ni la kweli.

Kiasi cha dola kiache kilivyo. Ukikigeuza kuwa shilingi za leo unazalisha namba isiyo na maana yoyote.

Kuhusu cheo: alianza uzamivu kwa masomo ya jioni huko Brooklyn Polytechnic, akaambiwa achague kati ya kusoma muda wote na kazi yake, akachagua kazi. Shahada za udaktari alizokuja kupata ni za heshima. Katika makala andika "Elion" tu, na ueleze jambo hili mara moja. Ukimwita "Dk. Elion" kila aya bila maelezo, msomaji atadhani alisomea.

Kueleza kazi ya maabara

Sehemu hii ipewe theluthi moja ya makala. Ndiyo ngumu, na ndiyo waandishi wengi huifunika kwa sentensi kama "alifanya utafiti mkubwa kuhusu purini".

Anza na wazo la George Hitchings, mkuu wake katika kampuni ya Burroughs Wellcome, maabara ikiwa Tuckahoe, jimbo la New York. Wazo lilikuwa hivi: kila seli inayotaka kugawanyika lazima kwanza iunde DNA mpya, na DNA hujengwa kwa purini na pirimidini. Bakteria, vimelea vya malaria na seli za saratani hugawanyika kwa kasi. Ukiwapa malighafi bandia inayofanana na ya kweli, wao wataumia zaidi kuliko seli zilizotulia. Mfano mmoja unatosha: mwashi anachukua kutoka kwenye rundo tofali lenye umbo lilelile la mengine, lakini halikuchomwa; analipanga ukutani, na kozi inayofuata haikai. Ukishatumia mfano huu, usiongeze wa ufunguo na kitasa, wala wa askari na adui. Mifano mitatu kwa jambo moja humchanganya msomaji asijue kipi ndicho kipi.

Kisha sema jambo ambalo wengi hawalisemi: walipoanza, umbo la DNA halikuwa likijulikana. Watson na Crick walilitangaza 1953, mwaka uleule 6-merkaptopurini ilipoidhinishwa. Kwa hiyo usiandike kwamba Elion "alichunguza umbo la DNA akabuni dawa". Alifanya kazi akijua viungo tu, si mpangilio.

Sasa kipimo chao. Walitumia bakteria aitwaye Lactobacillus casei. Bakteria huyu hukua akipewa asidi ya foliki, kwa maana ataitumia kujitengenezea purini na thaimini (mojawapo ya pirimidini). Hukua pia bila asidi ya foliki, mradi umpe purini na thaimini zilizo tayari. Kwa sifa hiyo, Elion aliweza kujua kemikali mpya imeziba njia wapi: kama inamzuia bakteria hata anapopewa purini tayari, basi inaingilia purini zenyewe, kama inamzuia pale tu anapotegemea asidi ya foliki, basi imekaba huko. Ni sentensi tatu au nne, na zinamwonyesha msomaji mtu anayefikiri. Majina ya vimeng'enya yasizidi mawili katika makala nzima.

Kemia ya 6-merkaptopurini pia inaelezeka bila mchoro: katika nafasi ya sita ya purini ya kawaida, oksijeni imetolewa na salfa ikawekwa mahali pake. Basi. Hapo kabla, mwaka 1948, purini nyingine yao, diaminopurini, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya damu. Wachache walipata nafuu, lakini kichefuchefu na kutapika vilikuwa vikali mno. Usiiache hiyo ya kwanza kwa kuwa ilishindwa. Dalili kwamba diaminopurini ina nguvu dhidi ya virusi ilionekana wakati huohuo ikawekwa kando, na Elion aliirudia njia hiyo 1968. Ndiyo njia iliyofika kwenye asaiklovia. Ukiitaja mapema katika makala, utakapofika miaka ya 1970 hutahitaji kueleza wazo limetoka wapi.

Allopurinoli nayo ina mkondo wa namna hiyo. Ilitafutwa ili kuzuia kimeng'enya cha zanthini oksidesi kisiiharibu 6-merkaptopurini mwilini. Kimeng'enya hichohicho ndicho kinachotengeneza asidi ya yuriki, ambayo fuwele zake kwenye viungo huleta jongo. Dawa ya kulinda dawa nyingine ikawa tiba ya jongo, ikaidhinishwa Marekani 1966. Madaktari mpaka leo wanalikumbuka chimbuko hilo kwa lazima: mgonjwa wa allopurinoli akipewa 6-merkaptopurini au azathioprini, dozi ya hizo hupunguzwa hadi karibu robo, la sivyo hujilimbikiza na kuzima uboho wa mifupa. Maelezo ya hatari kama haya yaandike kama historia. Usiandike miligramu: wasifu si karatasi ya dozi, na kuna msomaji atakayeufuata.

Kwa asaiklovia eleza jinsi inavyochagua seli za kushambulia. Dawa huingia mwilini ikiwa haifanyi kitu. Kimeng'enya cha virusi vya malengelenge ndicho huiwasha, na seli isiyo na virusi haina kimeng'enya hicho. Ndiyo maana haina sumu nyingi. Kabla yake wengi walidhani dawa ya virusi isiyomdhuru mgonjwa haiwezekani, kwa hiyo jambo hili lina uzito kuliko tuzo yoyote utakayoorodhesha.

Sifa zigawe kwa haki

Hitchings alizaliwa 1905, akaanza kazi Burroughs Wellcome 1942, miaka miwili kabla ya Elion. Walifanya kazi pamoja muda mrefu kiasi kwamba vyanzo vingi huwataja kama mtu mmoja, na waandishi wengine wamedhani ni mume na mke. Elion hakuolewa.

Mwongozo wa kufanyia kazi ni huu: upande wa purini (6-merkaptopurini, thioguanini, azathioprini, allopurinoli, kisha asaiklovia) Elion awe kiini cha sentensi. Upande wa pirimidini, yaani pirimethamini na trimethoprimu, andika "kundi la Hitchings", na umtaje Elvira Falco, mkemia aliyekuwa na Hitchings kabla Elion hajafika. Azathioprini, dawa ya kuzuia mwili usikikatae kiungo kilichopandikizwa, igawe mara tatu. Kundi la Elion liliitengeneza 1957. Huko Boston Robert Schwartz na William Dameshek walionyesha kwamba 6-merkaptopurini hupunguza kinga ya mwili kwa sungura. Roy Calne akajaribu dawa hizi kwa mbwa waliopandikizwa figo, na Joseph Murray akafanikiwa 1962 kumpandikizia mtu figo ya asiye ndugu yake akitumia azathioprini. Ukiandika "Elion aliwezesha upandikizaji wa figo" bila majina hayo, msomaji mjuzi atafunga ukurasa.

Na AZT: iliundwa 1964 na Jerome Horwitz huko Detroit kama dawa ya saratani, ikashindwa. Katika miaka ya 1980, watafiti wa Burroughs Wellcome na wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani waliionyesha kuwa inazuia VVU, na ikaidhinishwa Machi 1987. Elion alikuwa amestaafu 1983. Waliohusika ni watu aliowafunza na njia alizozianzisha. Hilo linatosha kuandikwa. Sentensi "Elion aligundua dawa ya UKIMWI" imenakiliwa kila mahali na si kweli.

Jina la kampuni liandike kama lilivyokuwa wakati huo. Burroughs Wellcome iliingia Glaxo Wellcome 1995, na GSK haikuwepo hadi 2000.

Kiungo cha Afrika Mashariki

Kiwepo, lakini kiwe cha kweli. Hakuna haja ya kubuni ziara aliyoifanya Nairobi au Dar es Salaam. Pirimethamini inatosha. Pamoja na salfadoksini ndiyo SP, iliyokuwa dawa ya kwanza ya malaria Kenya kuanzia 1998 na Tanzania Bara kuanzia 2001, baada ya klorokwini kushindwa. Vimelea vilivyobadilika jeni ya kimeng'enya kilichokuwa kikizuiwa vikaenea upesi, na katikati ya miaka ya 2000 dawa mseto ikachukua nafasi. SP imebaki kliniki, ikitolewa kwa wajawazito kuzuia malaria. Trimethoprimu na salfamethoksazoli ndiyo ko-trimoksazoli, ambayo watu wameizoea kwa jina la Septrin, na wanaoishi na VVU huipewa kujikinga na maambukizi nyemelezi.

Kiungo cha pili hakitajwi sana: baada ya kustaafu, Elion alikuwa mwenyekiti wa kamati ya Shirika la Afya Duniani iliyosimamia utafiti wa dawa za malaria. Kwa msomaji wa pwani au wa Ziwa hili lina maana kuliko medali.

Tuzo

Aya moja. Nobel ya 1988 aliigawana na Hitchings na Sir James Black wa Uskoti, aliyeleta propranololi, dawa ya moyo, na simetidini, dawa ya vidonda vya tumbo. Ni ya Fiziolojia au Tiba, si ya Kemia, na Elion alikuwa mwanamke wa tano kuipata katika fani hiyo; wa kwanza alikuwa Gerty Cori, 1947. Mwaka 1991 alipata Medali ya Taifa ya Sayansi ya Marekani na akaingizwa katika Ukumbi wa Taifa wa Wavumbuzi, mwanamke wa kwanza humo. Jina lake liko kwenye hataza 45. Ukitaka kutaja shahada za heshima, taja moja: ile ya Polytechnic, chuo kilekile alichokiacha.

Aya ya mwisho iwe ya miaka ya baada ya kazi. Kampuni ilihamia Research Triangle Park, North Carolina, 1970, na Elion akaishi Chapel Hill. Alipostaafu aliendelea kwenda maabara kama mshauri, na akawasimamia wanafunzi wa utabibu wa Chuo Kikuu cha Duke katika utafiti wao. Hitchings alifariki Februari 1998. Elion tarehe 21 Februari 1999, akiwa na miaka 81. Miezi hiyo inafanana na miaka inafuatana, kwa hiyo hakikisha tarehe hizi mbili hazijabadilishana kabla hujatuma makala.